Dowding, mzee aliyeinunulia Uingereza macho ya anga

Vita vikiisha, sifa huwaendea waliopiga risasi. Marubani hutungiwa nyimbo na majemadari hujengewa sanamu, lakini yule aliyekaa ofisini akaamua ni silaha gani inunuliwe na ni ipi iachwe, husahauliwa upesi. Hugh Dowding wa Uingereza ni mmoja wa watu wachache sana waliofanya kazi zote mbili. Kwanza alikuwa mnunuzi, akaunga mkono fedha za umma zitumike kwa mtambo ambao wengi hawakuwa wamewahi hata kuuota. Kisha akafanywa kamanda, akalazimika kuilinda nchi yake kwa kile kile alichokinunua.

Mtambo huo ndio tunaouita rada. Bila huo, yamkini historia ya Ulaya katika mwaka wa 1940 ingeandikwa kwa namna nyingine.

Dowding alizaliwa tarehe 24 Aprili, 1882, katika mji mdogo wa Moffat, Uskoti, ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Alipopelekwa kusoma Winchester, lugha ya Kigiriki ilimshinda. Akaona njia nyepesi ya kuikwepa ni kuingia darasa la wale waliotayarishwa kwa kazi ya jeshi, na hivyo ndivyo mtoto wa mwalimu alivyogeuka askari. Mwaka 1900 aliingia kikosi cha mizinga, akatumikia Gibraltar, Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, Hong Kong na India.

Mnamo Desemba 1913 alipata cheti cha urubani, ingawa baba yake aliiona kazi hiyo kuwa ya kujitafutia mauti. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka uliofuata, Dowding alichukuliwa katika kikosi cha ndege. Mwaka 1915 alisimamia kituo cha majaribio ya redio huko Brooklands, mahali ambapo wataalamu walikuwa wakitafuta njia ya mtu aliye chini kuzungumza na rubani aliye angani. Wakati huo jambo hilo lilionekana kama mchezo wa watoto. Baada ya miaka 25 lilikuwa msingi wa kazi yake yote.

Hakuwa mtu wa kupendeza watu. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, asiyecheka ovyo, na wenzake walimpa jina la utani la Stuffy, yaani mtu mgumu asiyechangamka. Mwaka 1916, katika mapigano ya Somme, aliomba kikosi kilichopoteza marubani wengi kirudishwe nyuma kipumzike. Mkubwa wake, Hugh Trenchard, alikubali ombi hilo shingo upande, lakini akamwona Dowding kuwa mwenye moyo mwepesi na hakumpa tena uongozi katika mstari wa mbele. Huyo ndiye mtu aliyekuja kutuma vijana wengi vitani, na tangu mwanzo alihesabu roho zao mmoja mmoja.

Nyumbani pia hakubahatika. Alioa mwaka 1918, wakapata mtoto wa kiume, Derek, lakini mkewe Clarice alifariki ghafla mwaka 1920. Dowding alibaki mjane kwa miaka 31, nyumba yake ikitunzwa na dada yake, Hilda.

SAHIHI ILIYOMWUMA

Mwezi wa Septemba 1930 alipewa wadhifa wa kusimamia ununuzi na utafiti katika Wizara ya Mambo ya Anga. Kila ndege, kila injini na kila chombo cha jeshi la wanahewa kilipita mezani kwake. Hata kabla hajakizoea kiti hicho, mkasa mkubwa ulimfika.

Serikali ilikuwa imeunda meli ya angani iliyoitwa R101, chombo kikubwa ajabu kilichojazwa gesi ya haidrojeni, na waziri mwenyewe, Lord Thomson, alikuwa na haraka ya kusafiri nacho kwenda India. Majaribio yalikuwa yamefupishwa. Wataalamu walimwambia Dowding kwamba mambo ni sawa, naye, akiwa mgeni katika kazi hiyo, akaridhia safari ifanyike. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, 1930, R101 ilianguka karibu na mji wa Beauvais, Ufaransa, ikashika moto. Watu 48 kati ya 54 waliokuwamo walikufa, waziri akiwa miongoni mwao.

Dowding hakuisahau siku hiyo. Katika uzee wake alikiri kwamba ingempasa kushikilia majaribio zaidi yafanywe. Tangu hapo, mtu yeyote aliyemjia na chombo kipya alipata jibu lile lile: kwanza nionyeshe.

HOFU YA ANGA

Katika miaka hiyo Waingereza waliishi kwa hofu. Mwaka 1932 kiongozi wao Stanley Baldwin aliliambia Bunge kwamba hakuna nguvu duniani ya kuwalinda raia wasipigwe mabomu, kwa maana ndege za adui zitapenya tu, haidhuru ufanye nini. Mwaka uliofuata Adolf Hitler alishika utawala wa Ujerumani, na ikajulikana wazi kuwa anajenga jeshi jipya la ndege.

Uingereza ilikuwa na nini cha kujilinda? Pwani yake ya kusini ilikuwa na kuta za saruji zilizopindwa kama sikio, ambazo askari alizitumia kusikiliza ngurumo za injini kutoka baharini. Lakini ndege zilizidi kwenda kasi, na hata sikio lililo kali kupita yote lilitoa onyo la dakika chache tu. Kwa muda huo mfupi ndege ya kivita haiwezi kuruka na kufika juu kumkabili adui. Njia nyingine ilikuwa kuweka ndege za doria angani mchana kutwa, jambo ambalo lingemaliza mafuta, injini na marubani kabla hata vita havijaanza.

Watu wa kila aina walileta dawa zao. Wengine walidai wamevumbua mwali wa kuua watu kutoka mbali. Inasemekana wizara iliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa yeyote atakayeweza kumwua kondoo kwa mwali huo akiwa umbali wa yadi 100. Kondoo waliendelea kula majani yao kwa amani.

Mapema mwaka 1935 wizara ilimwuliza mtaalamu wa redio, Robert Watson-Watt, Mskoti mwenzake Dowding, kama mwali huo unawezekana. Watson-Watt alikuwa ametumia miaka mingi kutafuta radi na dhoruba kwa kutumia redio. Alimpa msaidizi wake, Arnold Wilkins, afanye hesabu. Jibu likawa kwamba mwali wa kuua ni ndoto, ila mawimbi ya redio yanaweza kuonyesha mahali ndege ilipo.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Mtu akipiga ukelele bondeni, sauti hugonga mlima ikamrudia kama mwangwi. Vivyo hivyo mlingoti hurusha mawimbi ya redio, nayo yakigonga chuma cha ndege hurudi. Kwa kuwa mawimbi hayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, ukipima muda wa kwenda na kurudi unapata umbali wa ndege, iwe mawinguni au gizani.

PAULO WA KONDENI

Habari hiyo ililetwa kwa Dowding pamoja na ombi la pauni 10,000 za kuanzia. Kamati ya wanasayansi chini ya Henry Tizard ilikwisha kuvutiwa nayo na hesabu zilikuwa safi karatasini. Dowding hakutia sahihi. Alisema, kwa ufupi, kwamba hesabu zinaweza kuthibitisha jambo lo lote, na yeye anataka kuona ndege ya kweli ikionekana kwa mawimbi ya kweli.

Tarehe 26 Februari, 1935, gari lililobeba vyombo vya kupokelea mawimbi liliegeshwa kondeni karibu na Daventry, kilipokuwa kituo cha matangazo ya masafa mafupi cha BBC. Ndege ya mabomu aina ya Heyford ikaamriwa kupita na kurudi juu ya eneo hilo. Ndani ya gari walikuwamo Watson-Watt, Wilkins na A. P. Rowe, afisa wa wizara aliyekuja kushuhudia. Kila ndege ilipokaribia, alama ya kijani kwenye kioo ilinyooka na kunywea. Iliweza kufuatwa mpaka umbali wa maili nane hivi.

Kama vile Paulo alivyogeuka ghafla njiani, ndivyo na mlango wa hazina ulivyofunguka. Zaidi ya pauni 12,000 zilitengwa kwa kazi ya mwaka wa kwanza. Mwezi wa Mei kikundi kidogo kilihamia Orfordness, pwani ya mashariki, na kabla mwaka haujaisha kiliweza kuona ndege iliyo umbali wa maili 60. Mnamo Desemba 1935 hazina iliidhinisha pauni 60,000 kwa vituo vitano vya kwanza, na Agosti 1937 ikakubali mlolongo mzima wa vituo 20 kando ya bahari.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila anayenunua kwa niaba ya umma. Watson-Watt alishikilia kwamba jeshi lipewe mtambo ulio wa tatu kwa ubora, kwa sababu ule wa pili utachelewa na ule ulio bora kabisa hautakuja kamwe. Milingoti iliyojengwa ilikuwa mikubwa na mizito, ya chuma ikifikia futi 360, na vyombo vyake viliundwa kwa vifaa ambavyo viwanda vya redio vya Metropolitan-Vickers na Cossor viliweza kuvitengeneza kwa haraka. Wajerumani walikuwa na rada zao, na kwa ufundi nyingine zilikuwa nzuri kuliko za Waingereza. Lakini zilikuwa chache, na hazikuwa zimeunganishwa na amri ya vita.

Katika miaka hiyo hiyo ofisi ya Dowding ilisukuma mbele ndege mpya za chuma zenye bunduki nane, ambazo dunia ilikuja kuzijua kwa majina ya Hurricane na Spitfire.

MNUNUZI ATUMIA ALICHONUNUA

Tarehe 14 Julai, 1936, Dowding alifanywa kamanda wa ndege zote za kivita za ulinzi, makao yake yakiwa katika jumba la Bentley Priory nje ya London. Sasa aliyeuagiza mtambo ndiye aliyepaswa kuutegemea.

Mwanzoni matokeo yalimtia mashaka. Katika majaribio ya Septemba 1936 rada ilifanya vibaya mbele ya wakubwa. Na hata ilipoanza kuona vizuri, tatizo jingine lilijitokeza: vituo viwili viliweza kuliona kundi moja la ndege kila kimoja kwa namna yake, na makao makuu yakadhani ni makundi mawili. Kumbe kuona ni kitu kimoja na kujua ni kitu kingine.

Hapo ndipo ustadi wa Dowding ulipodhihirika. Alianzisha chumba cha kuchuja habari. Simu za kutoka vituo vyote vya rada zilifika hapo, wataalamu wakalinganisha taarifa na kutoa picha moja tu. Picha hiyo ilipelekwa kwa simu kwenye vyumba vya amri, ambako wasichana wa jeshi walisogeza vibao juu ya ramani kubwa mezani. Kwa kuwa rada zilitazama baharini tu, watu wa kujitolea wenye darubini walisimama bara nzima kufuata ndege zilizokwisha kuvuka pwani. Mwisho kabisa, amri ilimfikia rubani kwa redio, ile ile ya siku za Brooklands. Dakika chache tu zilipita tangu alama itokee kwenye kioo mpaka ndege iagizwe kuruka.

Haikuwa kamilifu. Tarehe 6 Septemba, 1939, siku ya nne ya vita, taarifa zisizo sahihi zilifanya Spitfire zishambulie Hurricane za upande wao wenyewe karibu na mto Thames, na rubani mmoja akauawa. Msiba huo uliharakisha kazi ya kutia katika kila ndege chombo cha kuitambulisha kwa rada kuwa ni ya nyumbani.

Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wameituma meli yao ya angani, Graf Zeppelin, kupita kando ya pwani ya Uingereza kuichunguza ile milingoti mirefu. Ilirudi bila kutambua kazi yake.

KIANGAZI CHA 1940

Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ufaransa yalianza kuporomoka, na Wafaransa wakazidi kuomba ndege. Waziri Mkuu Winston Churchill alitaka kuwasaidia. Dowding alifika mbele ya baraza la vita akapinga, na tarehe 16 Mei akaandika barua iliyoeleza waziwazi kwamba zikiendelea kumiminwa huko, Uingereza yenyewe itabaki mtupu. Kumkatalia Churchill halikuwa jambo la kujipendekeza, na wengine wanaamini ndipo hatima yake ilipoanza kuandikwa.

Mapambano ya anga ya Uingereza yalianza tarehe 10 Julai. Ndege za Wajerumani zilikuwa nyingi kuliko zake kwa mbali, lakini hakulazimika kuzizungusha zake angani bila kazi. Zilingoja chini mpaka rada iseme adui yuko wapi, ndipo zikaruka. Rada iliifanya kila ndege moja kuwa kama kadhaa.

Tarehe 12 Agosti Wajerumani walivipiga mabomu vituo vya Dover, Rye, Pevensey na Ventnor. Upepo wa mabomu ulipenya katikati ya vyuma vya milingoti bila kuiangusha, na vituo vitatu vilirudi kazini baada ya saa chache. Ventnor kilinyamaza kwa siku kadhaa. Hermann Göring, mkuu wa ndege za Ujerumani, alidhani kupiga vituo hivyo ni kupoteza wakati, na tarehe 15 Agosti akatia shaka kama inafaa kuendelea. Ni moja ya makosa yake makubwa.

Tarehe 15 Septemba Wajerumani walikuja kwa wingi mchana peupe juu ya London, wakapoteza ndege 56. Siku mbili baadaye Hitler aliahirisha mpango wa kuivamia Uingereza, na haukurudi tena. Marubani na wanahewa 544 wa Dowding walikufa katika mapambano hayo. Mwanawe Derek, naye rubani wa ndege ya kivita, alisalimika.

ASANTE YA PUNDA

Ushindi haukumletea raha. Baadhi ya makamanda, akiwamo Trafford Leigh-Mallory, walimlaumu kwamba hakukusanya ndege nyingi kwa pamoja kabla ya kumkabili adui. Tena Wajerumani walikuwa wamegeukia kupiga mabomu usiku, na ndege za Dowding hazikuweza kuwapata gizani. Wakubwa walitaka jambo lo lote lifanywe, hata kurusha Hurricane zipapase usiku. Dowding alijibu kwamba dawa ya kweli ni rada ndogo ya kubebwa ndani ya ndege, nayo haijaiva bado.

Alikuwa na haki, kwa maana mwaka 1941 rada hiyo ilipoiva, ndege za usiku zilianza kuwaangusha adui kwa hesabu ya kuonekana. Lakini Dowding hakuwapo. Mnamo Novemba 1940 alikuwa amekwisha kuondolewa, akapelekwa Marekani kwa shughuli za ununuzi wa ndege. Kijitabu ambacho wizara ilichapa mwaka 1941 kusimulia ushindi ule hakikumtaja hata kwa jina, jambo lililomkasirisha Churchill mwenyewe. Alistaafu mwaka 1942, akapewa heshima ya ulodi mwaka uliofuata, lakini cheo cha juu kabisa cha jeshi la wanahewa hakukipata kamwe.

Kazi yake iliendelea bila yeye. Mwaka 1944 Wajerumani walipoanza kurusha makombora ya V-2, ni baadhi ya vituo vile vile vilivyotumiwa kuyatafuta yakipaa. Na hata pwani yetu iliguswa: mwaka 1940 wataalamu wa Afrika Kusini waliweka rada waliyoiunda wenyewe huko Mambrui, kaskazini ya Malindi.

Katika uzee Dowding aliamini kwamba roho za wafu huzungumza, akaandika vitabu juu ya hilo, na wengi wakamcheka. Mwaka 1951 alimwoa Muriel Whiting, mjane wa mwanahewa aliyepotea vitani. Aliacha kula nyama, akawatetea wanyama katika Baraza la Malodi. Alifariki tarehe 15 Februari, 1970, akiwa na umri wa miaka 87, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey. Sanamu yake ilisimamishwa London mwaka 1988.

Afrika Mashariki nayo imeonja uchungu wa jambo hili. Rada ambayo Tanzania iliinunua kutoka Uingereza kwa pauni milioni 28 ililalamikiwa na Benki ya Dunia kuwa ya ghali mno. Mwaka 2010 kampuni iliyoiuza, BAE Systems, ilikiri mahakamani kosa la kutoweka hesabu za biashara hiyo ipasavyo. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaenda kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule.

Dowding alijifunza kwa maiti 48 za R101 kwamba sahihi ya mnunuzi ni kitu kizito. Ndiyo sababu alidai ndege ipite kwanza juu ya konde la Daventry, na alipokwisha kuona, hakuchelewa kulipa wala hakungoja kilicho kizuri zaidi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mzee huyu alitazama kabla ya kutoa fedha, na nchi yake ikapata macho.